Maneno kwa Wachuma Chai wa Roret Juu ya Kansa ya Mapafu



Tulipomzika mwenzetu aliyekufa kwa kansa ya mapafu, majirani walitenga kikombe cha mjane wake. Tuliona haya. Kansa haiambukizi kama kifua kikuu. Lakini waliokaa naye nyumba moja wamevuta moshi wa sigara zake miaka yote, na ndugu wa damu hatari yao huzidi ya watu wengine. Hao yafaa wajiangalie.

Picha ya kawaida ya kifua haitoshi kuvumbua kansa changa. Mwaka 2011 Marekani ilionekana kwamba mashine ya CT, kwa wavuta sigara sana wa miaka 55 hadi 74, ilipunguza vifo vya kansa hii kwa asilimia 20 kuliko picha hiyo. Gharama yake kwa mchuma chai twaijua.

Basi tuanze na tulicho nacho. Kikohozi kikipita majuma mawili, kapimwe makohozi. Yasipoonekana na kifua kikuu, na kikohozi kiko pale pale, usikubali kurudi na chupa ya dawa tu. Mwambie daktari: "Kwetu amekufa mtu kwa kansa ya mapafu." Na msimamizi akikunyima ruhusa siku hiyo, mwite mwakilishi wa chama.