Wito wa Mwalimu Haukui Peke Yake

Walimu wanapotakiwa kurudi Pundanhar na vijiji vingine vya wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, maneno huwa yale yale: mwalimu awe na wito. Ni kweli, anauhitaji. Tangu Oktoba 2017, vita vya waasi katika mkoa huu wa Cabo Delgado vimechoma shule na kutawanya walimu pamoja na wanafunzi wao. Anayekubali kurudi huko hasukumwi na mshahara tu. Lakini wito tunauzungumzia kana kwamba mtu huzaliwa nao, kisha ukipungua kosa ni lake. Mimi naona wito huchakaa pale mwalimu anapoachiwa peke yake kazi ya malezi ambayo katika wilaya hii haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Mtoto wa huku huzungumza Kimakonde, Kimwani au Kiswahili nyumbani, na darasani hukutana na Kireno. Adabu hufundishwa na mwalimu wa chuoni au katekista, na akifika jandoni au unyagoni, na kungwi. Mgeni aliyepangiwa kazi kutoka mkoa wa Zambézia, asiyejua hata lugha moja kati ya hizo za nyumbani, atajengaje tabia ya mtoto huyo ikiwa hajui walezi hao tayari wamemfunza nini?

Utengano huu wa mwalimu na walezi wengine una historia. Mwaka 1941 serikali ya Ureno ilikabidhi elimu ya Waafrika kwa misheni za Kikatoliki, na wazazi wengi Waislamu wa pwani wakaiona shule kuwa mlango wa ubatizo. Baada ya uhuru wa 1975, serikali ya chama cha FRELIMO ilitaifisha shule za misheni, na ikapiga vita jando na mila nyingine kwa jina la kufuta ujinga. Tawala hizo mbili zilipingana karibu katika kila jambo, ila zote zilimweka mwalimu upande mmoja na wazee upande wa pili. Mtaala wa elimu ya msingi wa 2004 ulijaribu kurekebisha hilo: ulitenga asilimia 20 ya muda wa masomo kwa maarifa ya mahali, na ukafungua njia ya kufundishia kwa lugha za nyumbani. Ruhusa ipo katika karatasi. Kinachokosekana ni mwalimu kupewa muda na lugha ya kuketi na hao wazee.

Wapo watakaosema kuwaalika viongozi wa dini shuleni ni hatari, kwani waasi nao walijificha nyuma ya dini. Hofu hiyo naielewa, ila ushahidi unaelekea kwingine. Kabla ya 2017, masheikh wa kaskazini ndio waliogombana misikitini na vijana wa kundi la waasi hao na kuwaonya wakuu wa serikali. Waliona mapema kwa sababu waliwajua vijana wenyewe. Kuwafungia nje watu wa namna hiyo ni kuipofusha shule. Pingamizi la unyago lina uzito zaidi: msichana akishachezwa, wapo wanaomhesabu kuwa tayari kuolewa. Hapo mwalimu asilegeze hata kidogo, na sheria ya 2019 inayokataza ndoa za utotoni iko upande wake. Lakini kungwi ndiye anayesikilizwa na mama wa msichana. Mwalimu aliyekwisha kujenga naye heshima ana nafasi ya kumwomba aseme ndani ya unyago kwamba msichana arudi darasani; aliyemdharau atabaki na karatasi ya sheria mkononi.

Pingamizi la mwisho ni la walimu wenyewe, nalo ni la haki. Wameandamana na kugoma wakidai malipo ya saa za ziada, na wanachoka kusikia neno wito likitumika kuwanyamazisha. Sidai ushirikiano na wazee uchukue nafasi ya mshahara. Serikali ilipe deni, tena kwanza. Kisha, kabla ya kumpeleka mwalimu Pundanhar, impe majuma kadhaa ya kujifunza lugha ya wanafunzi wake, na izihesabu saa anazokaa na mwalimu wa chuoni, katekista na kungwi kuwa saa za kazi.