Tusomeshe Wataalamu wa Ushauri Nasaha
Ndugu Waislamu wa Naliendele, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida huwataka wanandoa wafike kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Nasi, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, tumeamrishwa kuteua wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kila upande. Lakini msuluhishi asiyejua kusikiliza hukimbilia kuhukumu, na ndoa huvunjika mikononi mwake.

Basi tuwahimize vijana wetu wenye shahada wasomee uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha. Ajira serikalini si ya hakika. Hata hivyo ujuzi huo unahitajika shuleni, barazani na katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hapo Mitengo. Tukiuza korosho, tutenge karo. Wabillahi tawfiq.