MATIBABU YA WALIOTEKWA NA UNGA
Hotuba juu ya kazi ya kliniki ya Malindi



Katika hospitali ya Serikali mjini Malindi iko kliniki ya kuwatibu watu waliozoea unga, yaani heroini. Ilifunguliwa mwaka 2015, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza ya Kenya, iliyoanza kazi Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Wagonjwa wake hufika kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Kila mmoja hutajwa jina lake, hupewa kipimo chake cha dawa iitwayo methadoni, huinywa mbele ya mwuguzi, kisha huenda zake. Wapitao njia huwatazama na kuuliza maswali mawili: Watu hawa wanaugua nini? Na kama ni wagonjwa, mbona hawaponi wakaacha kuja? Maswali hayo ni ya haki, na yafaa yajibiwe.

Unga ni nini

Heroini hutengenezwa kwa kasumba, yaani utomvu wa mmea uitwao afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kama dawa ya kikohozi, na waganga wengi waliisifu. Haikuchukua muda madhara yake yakaonekana, na nchi nyingi zikaipiga marufuku. Katika pwani ya Kenya ilienea tangu miaka ya 1980, nayo Malindi na Mombasa ni miji iliyopata taabu mapema. Mwanzoni wengi waliivuta kwa moshi. Baadaye wengi wakaanza kujidunga kwa sindano, na kwa kuwa sindano moja ilipita mikononi mwa watu wengi, virusi vya Ukimwi na maradhi ya ini yakapita pamoja nayo.

Mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe vitu vya kutuliza maumivu na kuleta raha. Unga huingia na kushika mahali pa vitu hivyo, kwa nguvu nyingi mno. Ukitumiwa kila siku, ubongo hubadilika na kuuzoea, hata mtu asiweze kukaa vizuri pasipo huo. Ndipo huja ile hali ambayo vijana wa pwani huiita arosto. Saa chache tu baada ya kete ya mwisho, mtu hutokwa na machozi na kamasi, mifupa humwuma, hutapika na kuharisha, wala usingizi haumjii. Kuanzia hapo hatafuti tena raha. Atafuta nafuu tu, na kwa ajili ya nafuu hiyo huuza kitanda chake, kisha sufuria za mama yake.

Ni makosa basi kusema kwamba teja hana haya wala hana akili. Wengi wao wamejaribu kuacha, si mara moja wala mara mbili. Kinachowashinda ni ugonjwa, na ugonjwa hauondoki kwa matusi.

Jinsi matibabu yaendavyo

Kabla ya kliniki hii, Malindi haikukaa bure. Mwaka 1995 kilianzishwa hapo chama cha Omari Project, ambacho kilifungua nyumba ya kuwatunza walioacha unga, mbali na maskani yao ya zamani. Kazi hiyo iliwafaa watu, lakini nyumba moja haiwezi kuwapokea wote, na wengi waliotoka waliurudia unga. Ndiyo sababu njia ya pili ilihitajiwa.

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, lakini mwendo wake ni mwingine. Unga hupanda kichwani upesi na kushuka upesi, kwa hiyo mtumiaji huutaka tena na tena mchana na usiku. Methadoni hunywewa, huingia mwilini polepole, na nguvu zake hudumu siku nzima au zaidi. Mgonjwa huanzishwa kwa kipimo kidogo, nacho huongezwa kidogo kidogo mpaka arosto ikome. Akifikia kipimo kimfaacho, halewi wala haumwi. Anaweza kwenda kuvua, kushona, kuendesha kazi yake na kula pamoja na watoto wake.

Wako wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Neno hilo lataka jibu la kweli. Ni kweli kwamba mwili huizoea methadoni pia, na mtu akiikatiza ghafula ataugua. Lakini ulevi haupimwi kwa kuwa mtu ameza dawa kila siku. Mwenye ugonjwa wa sukari hudungwa insulini kila siku, na hakuna amwitaye mlevi. Ulevi hupimwa kwa yale unayomtenda mtu: huiba ili aupate, huacha kazi, huwasahau wanawe, hujidunga kwa sindano ya mwenzake. Methadoni ikitumiwa kwa utaratibu huyapunguza mambo hayo, na hupunguza vifo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Wengine huitumia miaka michache kisha hupunguziwa polepole mpaka waache. Wengine huhitaji kuitumia muda mrefu. Daktari na mgonjwa huamua pamoja, wala si jirani.

Hatari ya haraka

Baadhi ya jamaa, kwa mapenzi na kwa uchungu, humfungia kijana chumbani wiki mbili ili unga umtoke. Arosto hupita kweli baada ya siku kadhaa. Lakini tamaa haijapita, na mwili umekwisha kusahau kuustahimili unga. Akitoka na kutumia kiasi kile kile cha zamani, huenda pumzi ikakatika akafa. Hatari hiyo huwapata vile vile watokao gerezani. Mtu akionekana amelala fofofo, midomo imebadilika rangi, na anapumua kwa shida, asiachwe ati atalevuka. Apelekwe hospitali upesi, kwani iko dawa iitwayo naloksoni iwezayo kumrudishia pumzi. Na anayekunywa methadoni asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, maana mchanganyiko huo huua.

Maradhi ya moyo na akili

Kikombe cha dawa peke yake hakitoshi. Wengi wafikao kliniki wana mzigo mwingine: huzuni isiyokwisha, hofu, kukosa usingizi, au kumbukumbu za mateso waliyoyapata utotoni. Kwa wengine mzigo huo ulitangulia, nao unga ulitafutwa ili uutulize. Kwa hiyo, yafaa daktari aangalie na akili pia, na mshauri akae na mgonjwa, amsikilize, amfundishe namna ya kuishinda tamaa inapokuja. Huzuni kubwa ni ugonjwa kama homa ulivyo ugonjwa, nao una dawa. Wenye kuona kwamba ni pepo waweza kuomba dua, lakini dua haimzuii mtu kwenda hospitali.

Wanawake wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee. Aibu yao huwa mara mbili, hivyo hujificha. Mwanamke mwenye mimba anayetumia unga asiache kwa ghafula nyumbani, kwa kuwa jambo hilo laweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Aende kliniki. Methadoni hutumiwa wakati wa mimba, na mtoto akizaliwa huangaliwa, na akionyesha dalili za arosto hutibiwa. Mama huyo akipokewa kwa matusi mlangoni, hatarudi tena, na zitakuwa zimepotea roho mbili.

Yaliyobaki

Matibabu haya yana shida zake. Mtu akaaye Watamu, au katika vijiji vya ndani, ni lazima apate nauli kila siku, na nauli ya kila siku ni mzigo kwa asiye na kazi. Mvuvi atokaye baharini amechelewa hukosa dawa yake. Tena kazi hii katika Kenya ilitegemea sana fedha za wafadhili wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, hofu iliwaingia wagonjwa na wauguzi kote nchini, kwa kuwa dawa hii haiwezi kukatizwa hata siku chache pasipo watu kurudi maskani. Hilo ni fundisho. Tiba ya kila siku yataka fedha za kila mwaka, zilizopangwa na nchi yenyewe na kaunti zake.

Lakini yako yasiyohitaji fedha. Mwenye nyumba aweza kumpokea mwanawe bila kumkumbusha kila jioni yale aliyoiba. Mwenye duka au karakana aweza kumpa kazi mtu ambaye amekunywa dawa yake miezi sita bila kukosa. Wazee wa mtaa na viongozi wa misikiti na makanisa waweza kuliita jambo hili kwa jina lake, maana mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mtu aliyetoka katika foleni ya asubuhi akakosa pa kwenda mchana, njia aijuayo ni moja tu, nayo yaelekea maskani. Kliniki humpa mgonjwa dakika chache kila siku. Saa zote zilizobaki ziko mikononi mwa watu wa nyumbani kwake na wa mtaa wake.