Uhai Usikae Mfukoni mwa Rais

(Hotuba kwa wakazi wa Kibera na Kawangware)



Nimeombwa niseme juu ya hukumu ya kifo. Najua ninasema mbele ya watu walioumizwa. Wamo humu waliovamiwa alfajiri wakienda kibaruani, na waliovunjiwa mlango usiku. Anayetaka kitanzi kiondolewe hana budi kuwajibu hao kwanza.

Nami nawajibu hivi: kitanzi hakijawalinda. Tangu mwaka 1987, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu waliponyongwa huko Kamiti kwa uhaini wa 1982, Serikali haijamnyonga mtu mwingine. Hata hivyo, mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo kwa maelfu ya watu. Je, majambazi waliacha kazi yao?

Sasa tutazame ni nani huhukumiwa. Kwa kifungu cha 296(2) cha Kanuni za Adhabu, wizi wa mabavu ni kosa la kifo endapo mwizi ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake, au amempiga ama kumjeruhi mtu. Liangalieni neno hilo "au". Vijana wawili wasio na silaha, wakimtisha mpita njia pale Kawangware na kumnyang'anya simu, wamekwisha kuingia humo, ijapokuwa halikumwagika hata tone la damu.

Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi Serikali ilimpa mshtakiwa wakili. Ya wizi wa mabavu husikizwa na hakimu, kama hapo Mahakama ya Kibera. Huko maskini alisimama kizimbani peke yake, akiwahoji mashahidi kwa kanuni asizozijua, uhai wake ukiwa mizanini.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee. Basi aliyeua akapata nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, na aliyenyang'anya bila kuua akaikosa!

Mtaniambia kwamba marais wamewahurumia wafungwa. Ni kweli. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 hukumu ya kifo iwe kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747. Mwaka 2023 Rais Ruto akafanya vivyo hivyo. Nawashukuru wote watatu. Lakini waliopigania vyama vingi hawakuomba huruma ya mtu mmoja. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, nchi ilikataa haki za raia kukaa mfukoni mwa rais. Uhai ndio haki ya kwanza. Mbona tumeuacha humo? Akija mtawala mwenye ghadhabu, ataikuta kamba mahali pake, na sheria iko upande wake.

Kamba hiyo tuliirithi. Mkoloni aliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 wakati wa Hali ya Hatari. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola, si kwa kuua.

Nami nisiwafiche neno moja. Katika mitaa yetu adhabu ya kifo haimngoji hakimu: hutolewa kwa tairi na petroli, na kwa risasi vichochoroni. Tukiitaka Serikali iweke kamba chini, nasi tuliweke chini tairi. Hatuwezi kudai mahakama ya haki kwa mwanetu huku tukimchoma mwana wa jirani.

Mwenye hatia na afungwe, hata kwa miaka mingi. Akionekana baadaye kwamba hakukosa, mlango wa gereza hufunguka. Kaburi halifunguki. Waulizeni wabunge wenu wa Kibra na Dagoretti Kaskazini: watasimama lini Bungeni kuifuta hukumu hii?