Jiwe, Jani na Watu: Kuusoma Ubuddha Katika Chuo Kikuu



Tangu tangazo la mhadhara huu libandikwe nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. La kwanza: "Profesa, umeshaingia Ubuddha?" La pili: "Kwani Wabuddha hapa kwetu ni wangapi hata tuwasomee?" Yote ni maswali ya haki. La kwanza jibu lake ni fupi: hapana, na wala si lazima. Chuo kikuu kinapofundisha dini hakimwiti mtu kwenye imani wala hakimtoi katika imani yake. Kinauliza watu hawa waliamini nini na walitenda nini, tumejuaje, na ushahidi uko wapi. Swali la pili ndilo litakalotushughulisha jioni hii.

Anayetaka kuufahamu Ubuddha ana mashahidi watatu mbele yake: jiwe, jani na watu. Kila mmoja ana lake la kusema, na mara nyingi hawapatani. Elimu ya chuo kikuu inaanzia pale wanapopingana.

Shahidi wa kwanza: jiwe

Kusini mwa Nepal, karibu na mpaka wa India, ipo nguzo ya jiwe iliyotambuliwa mwaka 1896. Mfalme Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi katika karne ya 3 KK, aliamuru iandikwe kwamba katika mwaka wa 20 tangu atawazwe alifika hapo mwenyewe kupaheshimu mahali alipozaliwa Buddha. Tena aliandikisha jambo la kiserikali kabisa: kijiji cha Lumbini kimepunguziwa kodi, na sasa kitatoa sehemu moja kati ya nane ya mavuno. Hati iliyotumika, yaani Brahmi, ilikuwa imesahauliwa kwa karne nyingi, mpaka James Prinsep alipofaulu kuisoma mwaka 1837. Kabla ya hapo Wahindi wenyewe walipita kando ya nguzo za Ashoka wasijue zinasema nini.

Twende Sanchi, India ya kati. Pale pana stupa, jengo kubwa la mviringo lililojengwa kwa matofali na mawe kwa ajili ya kutunza masalia matakatifu. Uzio wake na malango yake ya mawe yana mamia ya maandishi mafupi, na mengi yanamtaja aliyetoa sadaka ya kipande kile cha jiwe. Wamo wafanyabiashara, wake wa nyumbani, hata vijiji vizima. Kwenye lango la kusini, wachonga pembe za ndovu wa mji wa Vidisha wameandika kwamba uchongaji ule ni kazi ya mikono yao. Na wamo watawa wengi, wa kiume na wa kike.

Hapo ndipo penye utata. Kanuni za watawa zinazosomwa katika vitabu zinamkataza mtawa kupokea dhahabu na fedha. Basi mtawa wa kike wa Sanchi alilipaje gharama za nguzo ya uzio? Mtaalamu wa Kimarekani Gregory Schopen amezitumia kumbukumbu za namna hii kuwakosoa watangulizi wake: wamekuwa wakiamini kitabu kinachosema mtawa anapaswa kuishi vipi, wakilipuuza jiwe linaloonyesha aliishi vipi. Nawaomba wanafunzi wa masomo yote ya dini waubebe ukosoaji huo, maana haumhusu Mbuddha peke yake.

Shahidi wa pili: jani

Mafundisho ya Buddha yalikaa vifuani kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa. Watawa waligawana sehemu za kuhifadhi, wakazisoma pamoja kwa sauti ili mmoja akiteleza wenzake wamrudishe. Msikilizaji wa pwani aliyepita chuoni utotoni, au aliyemsikia hafidhi akisoma, hahitaji kuelezwa kwamba jambo hili linawezekana. Masimulizi ya Sri Lanka yanasema kwamba katika karne ya 1 KK, nchi ilipokumbwa na njaa na vita, watawa waliogopa kwamba wenye kuhifadhi wangekwisha. Basi wakaandika. Mahali panapotajwa ni Aluvihare, katikati ya kisiwa.

Waliandika juu ya majani ya talipoti, mti wa jamii ya mitende. Jani changa hukatwa, likachemshwa, likaanikwa, likasuguliwa hadi likawa laini. Mwandishi hana haja ya wino. Anakwaruza herufi kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, na akimaliza maandishi hayaonekani vizuri. Ndipo jani zima linapopakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha likafutwa. Weusi hubaki ndani ya mikwaruzo tu, na maneno yakajitokeza. Majani hutobolewa, yakapitishwa uzi na kubanwa kati ya mbao mbili.

Jani halidumu milele katika nchi ya joto na unyevu. Likichakaa hunakiliwa, na la zamani likaachwa. Ndiyo maana miswada mingi iliyopo Sri Lanka leo ni ya karne ya 18 na ya 19, ingawa maneno yaliyomo ni ya kale sana. Mtafiti makini hatasahau umbali huo kati ya neno na jani.

Ulaya ilianza kuujua Ubuddha kwa majani na karatasi. Eugène Burnouf wa Paris alichapisha mwaka 1844 kitabu kikubwa juu ya historia ya Ubuddha wa India, akitegemea miswada iliyotumwa kutoka Kathmandu. India yenyewe hakuikanyaga. T. W. Rhys Davids, aliyeanzisha mwaka 1881 chama cha kuchapisha maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali, alijifunza lugha hiyo Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati ule, kwa mtawa Yatramulle Unnanse alipokuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko. Jina la mwanafunzi linatajwa kila mahali. La mwalimu linatajwa kwa nadra.

Wenyeji hawakukaa kusubiri wasomewe dini yao. Mwaka 1873 mtawa Hikkaduwe Sumangala alianzisha Colombo chuo cha watawa kiitwacho Vidyodaya, na mwaka 1875 kikafuata Vidyalankara. Vyote viwili vilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1959. Wanazuoni wa jadi waliingia chuo kikuu kama walimu wenye elimu yao, si kama vitu vya kuchunguzwa. Sisi wenye mashehe, mapadri na malenga wenye elimu kubwa isiyo na vyeti tuna la kujifunza hapo.

Shahidi wa tatu: watu

Turathi ya Ubuddha ingali inaabudiwa. Bodh Gaya, India, ndipo Buddha anapoaminika kupata mwangaza. Mtalii anaona jengo la kale; msafiri kutoka Thailand au Japani anavua viatu na kusujudu. Hekalu hilo linaendeshwa na kamati iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1949, yenye Wahindu na Wabuddha ndani yake, na Wabuddha wengi hawajaacha kulalamika kwamba hawaachiwi mahali pao. Mwanafunzi wa turathi akifika pale na kamera yake, lazima ajiulize amesimama nyumbani kwa nani.

Turathi pia hupotea kwa njia zaidi ya moja. Machi 2001 Wataliban walizilipua sanamu mbili za Bamiyan, Afghanistan, moja ya mita 55 hivi na nyingine ya mita 38 hivi, na dunia nzima ikaona. Upotevu wa pili hauna kelele. Mwaka 1994 Maktaba ya Uingereza ilipata vipande vya magome ya mti vilivyoandikwa maandiko ya Kibuddha, vya karne ya 1 BK, vikiwa vimetunzwa ndani ya vyungu vya udongo. Ni miongoni mwa miswada ya kale kuliko yote ya Ubuddha. Lakini vilipitia soko la vitu vya kale, hivyo hatuwezi kuonyesha shimo vilikotolewa wala kilichokuwa kando yake.

Na sisi?

Nimefika kwenye swali la pili. Wabuddha hapa kwetu ni wachache, lakini wapo, tena tangu zamani. Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibuddha lenye asili katika jumuiya ya Wasinghala waliohamia kutoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wangapi wanapita pale kila siku bila kujua historia yake?

Kuna jiwe jingine linalotuhusu. Mwaka 1911 lilionekana Galle, kusini mwa Sri Lanka, bamba lenye tarehe ya mwaka 1409, na sasa lipo katika makumbusho ya taifa, Colombo. Liliwekwa na msafara wa baharini wa China ulioongozwa na Zheng He. Lina maandishi kwa lugha tatu: ya Kichina yanamtolea Buddha sadaka, ya Kitamili yanamtolea mungu wa Kihindu, na ya Kiajemi yanamtaja Mwenyezi Mungu kwa adabu ya Kiislamu. Orodha inataja dhahabu, fedha, hariri na mafuta ya manukato. Miaka michache baadaye merikebu za Zheng He zilifika Malindi. Vitabu vyetu vya historia vinamtaja twiga aliyepelekwa China, vikaishia hapo. Havimwambii mtoto wa Malindi kwamba wageni wale walitoka katika bahari ambamo Muislamu, Mhindu na Mbuddha walifanya biashara bandari moja, na mtawala mwenye busara akajua kumheshimu kila mmoja kwa lugha yake.

Ninaiomba Seneti mambo matatu. Lianzishwe somo moja la Ubuddha katika shahada ya kwanza, lifundishwe kwa jiwe, jani na watu kwa pamoja. Wapelekwe wahadhiri vijana wawili Sri Lanka wakajifunze Kipali na uhifadhi wa miswada; watakaporudi, ujuzi huo utaifaa pia miswada yetu ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo nayo inatafunwa na wadudu na unyevu. Tatu, wanafunzi watembelee hekalu la Upanga kwa ruhusa ya wenyewe, wakaulize na kusikiliza.

Kwenu wanafunzi, msingoje somo lipitishwe. Historia ya Wasinghala wa Dar es Salaam inangoja mtu wa kuiandika tasnifu kwa Kiswahili, na wazee wanaoikumbuka hawatatungoja sana. Anzeni muhula huu.