Hati na Ndugu: Maana ya Kukombolewa kwa Kanisa la Pwani

Naomba tuanze na neno lenyewe. Kabla halijafika madhabahuni, kukomboa lilikuwa neno la deni. Mtu aliyeweka kidani chake rehani alilipa fedha, akakikomboa. Wakristo wengi wa mwanzo wa pwani hii hawakuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Walikuwa wamelipiwa wao wenyewe.

Tunapenda kusimulia habari za Mkunazini, Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alikubali soko la watumwa lifungwe, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale. Habari hiyo hunisisimua kila niisikiapo. Lakini kufunga soko hakukumfungua mtu aliyekwisha kununuliwa. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Miaka 24 ilipita, naye bado yumo mikarafuuni.

Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakawa wananunua watoto katika soko la Unguja ili kuwaokoa. Watoto wale walilishwa, wakafundishwa ufundi, wakaozwa, wakajengewa kijiji. Hakuna aliyewauza tena, na hilo si dogo. Lakini tuseme kweli: waliishi kwa kengele, wakalima mashamba ya misheni, chini ya walezi ambao hawakuwachagua.

Kwangu mimi, mahali pa kujifunzia hasa ni misheni ya Rabai, pwani hii hii. Miongoni mwa viongozi wa kanisa la pale alikuwamo William Jones, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa India, akapewa ushemasi mwaka 1885. Watumwa watoro walikimbilia huko kwa mamia. Wamisionari walikuwa wameonywa wasiwapokee, kwa kuwa kwa sheria ya wakati ule mtoro alikuwa bado mali ya bwana wake. Hata hivyo watoro walikaa. Walijenga, wakalima, wakaoa, wakabatizwa. Mwaka 1888 mabwana walikuja juu wakidai watu wao, ikawa karibu damu imwagike. George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani hiyo, akakubali kuwalipa fidia, na Januari 1, 1889 watu zaidi ya 1,400 wakakabidhiwa hati za uhuru.

Tazameni mpangilio wa mambo. Unguja amri ilitangulia, mtu akangoja. Rabai watu waliishi kwanza kama waungwana, hati ikaja baadaye. Nasema waungwana kwa makusudi. Katika Biblia yetu, Wagalatia sura ya 4, Hajiri ni mjakazi na Sara ni mwungwana. Kwa watu wa pwani mwungwana hakuwa tu mtu asiye na bwana. Alikuwa mtu mwenye ukoo, mwenye jina la baba, mwenye wa kumposea na wa kumzika. Mtumwa alinyang'anywa hayo yote siku aliyotekwa, na hakuna fedha iliyoweza kuyanunua tena. Yalirudi pale tu mtu alipopata ndugu.

Ndiyo maana naisoma barua kwa Filemoni kwa hofu. Paulo hadai hati kwa ajili ya Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Deni analichukua yeye mwenyewe, kisha anamwomba Filemoni ampokee huyu kama ndugu mpendwa. Fedha ndiyo sehemu nyepesi ya barua hiyo. Sehemu nzito inaanza Onesimo anapobisha hodi na Filemoni anapaswa kuamua atamketisha wapi.

Nyumbani kwetu nilikokulia tulikuwa na dada wa kazi. Jioni tulisali pamoja, naye aliimba vizuri kutupita sote. Baada ya amina sisi tulikwenda mezani, yeye akarudi jikoni. Mama alimwita mwanangu, na najua alimaanisha. Alikaa kwetu miaka sita. Siku alipoondoka nilimbebea sanduku hadi stendi, gari likaondoka, na mpaka leo sijui jina la baba yake. Sikuwahi kumuuliza.