Papa wa Baharini, Papa wa Roma



Mada yangu jioni hii ni neno la silabi mbili: papa. Mpemba akilisikia humwaza samaki, na huenda mate yakamjaa kwa kukumbuka mchuzi wa papa mkavu. Mtu wa Lubumbashi humwita hivyo baba yake, na mzee yeyote anayestahili heshima. Mkatoliki wa Moshi humwaza Askofu wa Roma. Na wote watatu wanasema Kiswahili.

Tukikuta maneno yamefanana namna hii, wengi wetu hukimbilia kuyatafutia babu mmoja. Mimi nashikilia kwamba kufanana kwa sauti, peke yake, ni ushahidi hafifu mno.

Papa wa Kongo amekuja na Kifaransa. Yule wa Roma ametoka kwenye Kigiriki, pappas, neno la mtoto kumwitia baba, likapitia Kilatini. Zamani maaskofu wengi waliitwa hivyo, mpaka karne ya 11 Papa Gregori VII alipotaka jina libaki la Askofu wa Roma tu. Hakufanikiwa kila mahali: Patriaki wa Wakopti wa Misri ni Papa hadi leo.

Kwa nini baba aitwe papa, au baba, katika lugha zisizojuana kabisa? Mwanaisimu Roman Jakobson alilijibu swali hili mwaka 1960, akitumia majina 1,072 ya wazazi yaliyokusanywa na George Peter Murdock. Sauti za midomo, p, b na m, ni miongoni mwa zile anazoanza nazo mtoto mchanga. Yeye anabwabwaja tu; wazazi ndio wanaodai kwamba wameitwa. Ndiyo maana katika Kijojia mama ni baba mzazi, na anayenyonyesha ni deda.

Wajapani wana mfano ninaoupenda kuliko yote. Leo mama kwao ni haha. Lakini kipo kitendawili chao kilichoandikwa mwaka 1516: kuna vitu ambavyo kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba havikutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Ukitamka haha midomo haikutani, kwa hiyo kitendawili hakina maana, isipokuwa zamani neno hilo lilitamkwa kwa midomo. Na ndivyo ilivyokuwa: h hiyo ilikuwa f ya midomo miwili, na kabla ya hapo p. Kwa maneno mengine, mama wa Kijapani aliwahi kuwa papa, ila leo sikio halikwambii.

Tuvuke bahari. Katika Kikechua cha milima ya Andes, papa ni kiazi. Wahispania walilichukua neno pamoja na chakula chenyewe, na kwao Hispania likachanganyika na batata ya visiwa vya Karibi, likazaliwa patata. Peru wamebaki na papa. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa mwaka 2025, alikuwa Askofu wa Chiclayo nchini humo, na waumini wake wa zamani hawamchanganyi na kiazi: kiazi ni la papa, yeye ni el papa. Jinsia ya nomino inatosha.

Sisi tunatumia wingi. Mapapa wawili ni wa Roma. Papa wawili ni wa baharini. Kisha siasa ikavuruga: mwaka 2009 magazeti ya Tanzania yalijaa “mafisadi papa”, na haikuchukua muda aliyewataja akajibiwa kuwa yeye ni nyangumi.

Samaki wetu papa hana udugu na kiazi wala na baba, na majina yake ya ndani hatujayashughulikia vya kutosha. Yule mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni, Kenya huitwa papa shilingi kwa sababu ya madoa hayo. Mafia humwita potwe. Potwe limetoka wapi? Swali hilo halijibiwi kwa kukaa na kamusi ya Kiarabu au ya Kireno na kuokota neno linalolandana nalo.

Wanafunzi mnaokwenda likizo Kilwa, Kilindoni na Shimoni, waulizeni wavuvi jina la kila papa anayeshushwa pwani, na mwandike nani amelisema, wapi, na mwaka gani.